Ganda la Dawa na Ukungu Mweusi

Mama akichemsha kwato za ng'ombe kwa muda mrefu, na mchuzi ukaachwa upoe usiku kucha, asubuhi huonekana umeganda. Kitu kiugandishacho mchuzi huo ni jelatini, itokayo katika ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa jelatini watu wa Ulaya walianza kufanya vifuko vya dawa viitwavyo kapsuli. Mwaka 1834 Wafaransa wawili, Mothes na Dublanc, walipewa hati ya uvumbuzi huo katika mji wa Paris. Tangu wakati ule dawa chungu hutiwa ndani ya ganda, na mgonjwa huimeza asionje uchungu wake.

Lakini jelatini nyingi hufanywa kwa nguruwe au ng'ombe. Mwislamu na Myahudi wamekatazwa nyama ya nguruwe; Wahindu wengi hawali ng'ombe; na wako watu wasiokula kitu chochote cha mnyama. Mgonjwa wa namna hiyo apewapo kapsuli huingiwa na shaka: dawa ya ndani huitaka, ganda la nje hulikataa. Akiimeza, moyo wake wamhukumu. Akiitupa, ugonjwa wabaki. Kwa ajili ya watu hao wataalamu walitafuta ganda lingine.

Uko ukungu mdogo uishio juu ya majani ya miti, udongoni, na katika kuta zenye unyevu. Ukikomaa huwa mweusi, na watu huusugua kwa sabuni ili uondoke. Wataalamu huuita Aureobasidium pullulans. Mwaka 1938 mtaalamu aitwaye Bauer alieleza habari za ute utokao katika ukungu huo. Mwaka 1959 wataalamu wa Ujerumani waliuita ute huo pululani, na mwaka 1976 kampuni ya Hayashibara, katika mji wa Okayama nchini Japani, ilianza kuufanya kwa wingi.

Kazi hufanyika hivi. Kwanza wanga wa nafaka, kama mahindi, huvunjwavunjwa mpaka uwe maji matamu. Maji hayo hutiwa katika mapipa makubwa yaliyo safi kabisa, yenye joto la kadiri. Kisha ukungu hutiwa humo, na hewa hupitishwa ndani kwa siku kadhaa. Kama chachu ibadilivyo unga wa mkate, ndivyo ukungu ubadilivyo utamu ule: huula, na kutoa ute. Ute huchujwa ili ukungu wenyewe usibaki, husafishwa, kisha hukaushwa ukawa unga mweupe usio na ladha wala harufu.

Unga huo ukitiwa majini hunata. Vijiti vya chuma huchovywa humo na kutolewa. Utando uliovishika hukauka, nao huvuliwa kama ala ivuliwavyo katika kisu. Vipande viwili huingiliana, na dawa hukaa ndani. Maji hayo yakitandazwa juu ya bamba na kukaushwa, hupatikana karatasi nyembamba iliwayo, ambayo huyeyuka juu ya ulimi. Tena pululani huizuia hewa vizuri, hata dawa iharibikayo kwa hewa hukaa salama.

Hata hivyo bei yake hupita ile ya jelatini, na kapsuli nyingi bado hufanywa kwa jelatini. Kwa macho maganda hayo mawili hufanana. Kwa hiyo mwenye shaka asiitupe dawa yake kwa siri, bali asome maandishi ya chupa, au amwulize mganga wa hospitali bila haya.

Hivyo ukungu uchafuao ukuta umekuwa msaada kwa mgonjwa. Mwenyezi Mungu ameweka manufaa hata katika vitu vidharauliwavyo, na mwenye bidii ya kuchunguza huyaona.

MASWALI

1. Jelatini hutoka wapi?
2. Kwa nini wagonjwa wengine hukataa kapsuli za jelatini?
3. Ukungu hula nini ndani ya mapipa, nao hutoa nini?
4. Kwa nini ute huchujwa kabla ya kukaushwa?
5. Mgonjwa mwenye shaka afanye nini?