MLANGO USIO NA BAWABU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimeonelea niandike somo fupi kuhusu blokucheini, neno ambalo wengi tumelisikia, lakini tukiulizwa maana yake tunatazamana tu. Nitaeleza jinsi inavyoweza kulinda mlango wa tovuti, halafu tuone kama mlango huo utamfaa mkulima wa chai wa huku kwetu Kericho na Bomet.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Blokucheini ni daftari. Tofauti yake na lile la karani wa kituo cha chai ni kwamba nakala zake zimo katika kompyuta nyingi duniani, na kila ukurasa mpya umefungamanishwa na ule uliotangulia. Mtu akifuta mstari katika nakala yake, nakala za wengine zinamkana. Bitcoin ilianza hivyo mwaka wa 2009. Mwaka wa 2015 ikaja Ethereum, ambayo huhifadhi pia programu ziitwazo mikataba mahiri. Mkataba mahiri hufuata masharti yaliyoandikwa ndani yake, basi.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Wakulima wadogo wanaopeleka majani katika viwanda kama Litein, Momul na Kapkoros ni wenye hisa wa viwanda hivyo. Tuseme kiwanda kimoja kimefungua tovuti ya hesabu za mwaka, na anayeruhusiwa kuisoma ni mwenye hisa tu. Mambo yangekwenda hivi:

1. Mkulima ana pochi ya kidijitali katika simu. Ndani yake mna ufunguo wa siri.
2. Kila anapobisha hodi, tovuti inamtumia ujumbe mpya. Simu inautia saini kwa ufunguo ule, bila kuutoa ufunguo wenyewe.
3. Seva ya tovuti inakagua saini, kisha inauuliza mkataba: "Pochi hii ina hisa?" Kuuliza hakuna ada, kuandika jambo jipya ndiko kwenye ada.
4. Jibu likiwa ndiyo, mlango unafunguka. Likiwa siyo, anabaki nje.

Kumbuka kwamba daftari hili ni la wazi, kwa hivyo hesabu zenyewe haziandikwi humo. Zinabaki katika seva, na seva ikiwa mbovu siri zitavuja hata mkataba uwe mzuri namna gani.

Faida ipo. Hakuna orodha ya nywila ya kuibwa, na hakuna wa kumwingiza binamu yake kimyakimya, maana kila badiliko linaonekana. Lakini bawabu asiyepokea hongo ndiye huyo huyo asiyesikia kilio. Mkataba haumjui nyanya yako. Unajua ufunguo tu. Katika nyumba ambamo simu moja inatumiwa na watu watatu, yeyote anayeweza kuifungua pochi ndiye mwenye hisa. Na simu ikitumbukia mtoni, kama ufunguo hauna nakala, umekwenda. Hata ukienda ofisini na kitambulisho, karani hana la kufanya.

Dawa ni kuandika sharti mapema: kwa mfano, wawili kati ya watu watatu aliowachagua mkulima waweze kuhamisha haki yake kwenye ufunguo mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wengine watasema afadhali mwili wenyewe uwe ushahidi. Hilo limeshajaribiwa hapa Kenya. Worldcoin ilipiga picha macho ya watu ili wapate kitambulisho cha kuonyesha kwenye tovuti kwamba wao ni binadamu, siyo programu. Agosti 2023 serikali iliisimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ya miili ifutwe. Ufunguo ukiibwa utatengenezewa mwingine, lakini jicho utalitoa wapi?

Kwa hivyo, ndugu msomaji, siku kiwanda chenu kikileta mlango wa aina hii, usiulize tu kama ni imara. Uliza ni nani atakayemfungulia mkulima aliyepoteza ufunguo, na kama sharti hilo limeandikwa.

Maswali ya kujadili chamani
(a) Kwa nini hesabu za kiwanda zisiandikwe ndani ya blokucheini yenyewe?
(b) Ungewachagua watu gani watatu wakutunzie haki yako? Eleza.