Nasoma midomo, lakini mezani napotea

*Shikamoo daktari. Nina miaka 27, ni kiziwi tangu nilipougua homa ya uti wa mgongo utotoni. Nikizungumza na mtu mmoja namwelewa. Lakini jioni tukikaa kula, familia inacheka nami sijui kwa nini. Nikiuliza naambiwa, "Tutakuambia baadaye." Nalala nimechoka, kichwa kinauma. Je, uwezo wangu umepungua?*
*Dada wa Morogoro*

Marahaba, dada. Hujapungukiwa kitu. Midomo haionyeshi kila sauti: mwombe mtu atamke "baba", "papa" na "mama" bila sauti, uone kama utazitofautisha. Mengine unayakisia kutokana na mada, na watu watano wakidakizana, kukisia kunashindikana. Uchovu huo ni wa kazi halisi.

Mezani, lipe dirisha au taa mgongo, mwanga uangukie nyuso za wenzako. Anayetaka kusema ainue mkono kwanza. Ukipotea, usiulize "Nini?" Uliza "Tunamzungumzia nani?" Mchague ndugu mmoja, hasa yule mmbea, akuandikie vichekesho kwenye simu papo hapo. Hiyo "baadaye" ipigwe marufuku, maana haifiki.

Kama hamjui lugha ya alama, waulizeni Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kuhusu mafunzo. Jifunzeni wote, si wewe peke yako.

Kichwa kikiuma hata siku za mapumziko, nenda ukapimwe, macho pia. Usikivu uliobaki ukishuka ghafla, au ukipata kizunguzungu kikali, wahi hospitali siku hiyohiyo.