Prosesa ya kasi, ubao wa zamani: Piga hesabu kabla ya kuagiza

WAKO wafanyabiashara wa Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere ambao vitabu vyao vya ghala na duka vimo ndani ya kompyuta za mtumba zilizotengenezwa zaidi ya miaka 15 iliyopita. Mashine inapoanza kuchelewa, ushauri wa haraka huwa mmoja: nunua prosesa yenye kasi zaidi, acha mengine yalivyo. Prosesa za miaka ile sasa ni rahisi, na ushauri huo unavutia. Lakini je, ubao mama wa zamani, ule mafundi wanaouita mazabodi, unaweza kubeba kasi hiyo?

Kosa katika jambo hili humgharimu mtu wa Ufipa zaidi kuliko mtu wa Kariakoo. Aliye Dar es Salaam hukirudisha kipuri dukani siku hiyo hiyo. Sumbawanga iko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka huko kwa njia ya Mbeya na Tunduma. Kipuri kisichoendana hulipiwa usafiri mara mbili, na mashine hulala wakati magunia yanaingia ghalani.

Mlango wa ghala

Katika kompyuta za aina hiyo, prosesa huwasiliana na kumbukumbu kupitia njia kuu ambayo mafundi huiita FSB. Msomaji afikirie ghala la mahindi. Prosesa ni makuli walio ndani, kumbukumbu ni lori lililoegeshwa nje, na njia kuu ni mlango. Ukiajiri makuli hodari na mlango ukabaki uleule, magunia yatatoka kwa kasi ya mlango.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawaelezwi. Prosesa hupata kasi yake kwa kuchukua mapigo ya njia kuu na kuyazidisha kwa namba maalumu, yaani kizidisho. Kwa hiyo njia ikiwa ya polepole, prosesa yenyewe nayo hushuka.

Mfano wa namba

Tuchukue ubao wenye seti ya chipu ya Intel 945G, ambayo kikomo chake rasmi ni FSB 1066. Namba hiyo ni mapigo 266 kwa sekunde, kwa hesabu ya milioni, kila pigo likibeba mizigo minne. Mwenye ubao huo anauziwa prosesa ya Core 2 Duo E8400 iliyotoka mwaka 2008. Kwenye boksi imeandikwa 3.0 GHz na FSB 1333, yaani mapigo 333 na kizidisho 9.

Ubao huo ukiikubali kabisa, utaipa mapigo 266 tu. Mara 9 ni 2.4 GHz. Mnunuzi amelipia 3.0 na kupata 2.4.

Sasa aangalie E7500 ya mwaka 2009. Kwenye boksi imeandikwa 2.93 GHz, chini kidogo ya ile ya kwanza, lakini FSB yake ni 1066 na kizidisho chake ni 11. Mapigo 266 mara 11 ni 2.93 GHz kamili. Prosesa iliyoonekana dhaifu kwenye karatasi inakimbia zaidi kwenye ubao huu, ingawa E8400 ina hifadhi kubwa zaidi ya ndani. Somo ni kwamba prosesa haina kasi moja ya kudumu. Kasi yake hutegemea ubao inapofungwa.

Kulazimisha ubao

Wapo watakaosema kwamba ubao unaweza kupandishwa juu ya kikomo chake. Ni kweli, na historia ipo. Mwaka 1998 Intel ilitoa seti ya chipu 440BX kwa mapigo 100, lakini watengenezaji wengi wa bao waliweka nafasi ya kupandisha hadi 133. Mwaka huohuo prosesa ya Celeron 300A, iliyopangiwa mapigo 66 mara 4.5, ilipata sifa kwa kuwa nyingi zilistahimili mapigo 100 na kufika 450 MHz.

Hata hivyo, njia kuu haiendi peke yake. Kwenye 440BX, njia ya kadi ya picha ilipaswa kuwa na mapigo 66. Ubao ulipopandishwa hadi 133, njia hiyo nayo ilipanda hadi 89 kwa sababu seti hiyo haikuwa na kigawanyo cha kuishusha zaidi. Kadi nyingine zilistahimili, nyingine ziligoma.

Kwa kijana anayecheza michezo ya kompyuta, mashine ikigoma huwashwa upya. Kwa mwenye ghala, mashine inayozima ghafla si hatari kubwa kuliko zote. Hatari kubwa ni ile inayoendelea kufanya kazi huku ikikosea kimyakimya, ikaharibu faili la madeni ya wakulima au la mizigo iliyokwisha kulipiwa. Kitabu cha hesabu hakijaribiwi bahati.

Nchi yenyewe iliwahi kulipia somo la mashine isiyoendana na mahali inapowekwa. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965. Juhudi za kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine zilikwama, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku kwa miaka mingi.

Mambo manne ya kukagua

Kwanza, seti ya chipu. Programu ya bure iitwayo CPU-Z huonyesha jina la ubao, seti ya chipu na mapigo yanayotumika sasa. Yaandike kabla ya kupiga simu dukani.

Pili, orodha ya mtengenezaji. Soketi kufanana hakutoshi. Soketi ya LGA 775, iliyoanza mwaka 2004, ilibeba Pentium 4 na baadaye Core 2, lakini si kila ubao wa soketi hiyo unaikubali kila prosesa. Saketi ya volti ya ubao wa mwanzo yaweza isiiwezee prosesa ya baadaye.

Tatu, BIOS. Orodha hutaja toleo linalohitajika. Umeme ukikatika wakati wa kubadili toleo, ubao waweza kufa. Kazi hiyo ifanywe kwa mashine iliyounganishwa na betri ya akiba.

Nne, kumbukumbu na joto. Kumbukumbu ya kasi ndogo huzuia faida ya njia pana. Sumbawanga iko takribani mita 1,800 juu ya bahari na baridi yake husaidia, lakini vumbi la kiangazi huziba feni.

Faida iko wapi?

Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme prosesa ni Sh 40,000, usafiri Sh 10,000 na fundi Sh 20,000. Jumla ni Sh 70,000. Ikiwa prosesa ya sasa inakwenda 2.4 GHz na mpya nayo itaishia 2.4, faida ya mapigo ni sifuri. Ikiwa tatizo ni mashine kuchelewa kuwaka na kufungua mafaili, kiasi kama hicho kikiwekwa kwenye diski ya SSD mara nyingi huleta nafuu zaidi, na diski hiyo inaweza kuhamishiwa mashine nyingine baadaye.

Kwa mwenye duka la vipuri, onyo ni hilohilo. Intel ilianza kuiacha njia ya FSB Novemba 2008 ilipotoa Core i7. Prosesa za FSB ni bidhaa ya soko linalofungwa. Zinunuliwe kwa oda ya mteja aliyekwisha kuleta jina la ubao wake. Anayejaza rafu kwa kuvutiwa na namba kubwa kwenye boksi ananunua mzigo ambao milango ya wateja wake haiwezi kuupitisha.