Kufuli la Kidijitali na Matumizi Huru ya Kazi Zenye Hakimiliki

Kijitabu cha elimu kwa walimu, wakutubi na wasomaji wa wilaya za Mbulu na Hanang

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ni Sura ya 218 ya Sheria za Tanzania, humpa mtunzi mamlaka ya pekee juu ya kunakiliwa, kutafsiriwa, kusambazwa na kuonyeshwa hadharani kwa kazi yake, lakini katika kifungu cha 12 sheria hiyohiyo hubainisha hali ambazo mtu anaweza kuitumia kazi ya mwingine bila kuomba ruhusa wala kulipa. Hali hizo ndizo huitwa matumizi huru. Miongoni mwake ni kunakili kwa ajili ya mtu binafsi, kunukuu sehemu ya kazi kwa kutaja chanzo na jina la mtunzi, kutumia kielelezo katika kufundisha kwa kiwango ambacho somo linadai, na maktaba au chuo kudurufu kurasa kwa mahitaji ya shughuli zake bila kumharibia mtunzi soko. Ni vyema ikaeleweka kwamba utaratibu huu si sawa na ule wa Marekani, ambako mahakama hupima kila shauri kwa vigezo vipana. Tanzania hutaja hali moja moja, na lisilotajwa huhitaji ruhusa.

Kwa hiyo mwalimu wa Dongobesh anayenukuu aya mbili za riwaya katika mtihani wa majaribio, au mwanafunzi wa uuguzi wa Haydom anayenakili kurasa chache za kitabu cha tiba kwa kujisomea, hatendi kosa. Mwenye stashonari anayedurufu kitabu kizima na kukiuza, au kijana wa mnadani anayejaza nyimbo za watu kwenye memori kadi kwa malipo, hawezi kujificha nyuma ya kifungu hicho, kwa kuwa anachofanya ni biashara juu ya jasho la mwingine.

Kufuli lisilouliza nia

Kinga ya kiteknolojia, ambayo katika kijitabu hiki inaitwa kufuli la kidijitali, ni programu au alama iliyowekwa ndani ya kazi ili kudhibiti nani aifungue, kwa kifaa gani, mara ngapi, na kama anaweza kuinakili. Wakazi wa Katesh na Mbulu mjini wanaifahamu tayari kupitia ving'amuzi, kwa sababu mawimbi ya televisheni ya kulipia husafirishwa yakiwa yamefumbwa na hufumbuliwa tu kwa kadi ya aliyelipia. Kufuli la namna hiyohiyo limo ndani ya vitabu vingi vya kielektroniki, ambavyo hukataa kuchapishwa au kuhamishiwa simu nyingine, na ndani ya diski za DVD, ambazo ziligawiwa kanda za dunia, Tanzania ikiwa kanda ya 5, hata filamu iliyonunuliwa kihalali Uingereza, ambayo ni kanda ya 2, ikakataa kucheza katika mashine ya huku.

Tatizo la kisheria linaanzia hapo. Kifungu cha 12 hutazama nia, kiasi na madhara, ilhali kufuli hutazama nenosiri peke yake, na kwa hiyo humzuia mwizi na mwalimu kwa nguvu ileile. Zaidi ya hayo, sheria ya Tanzania inahesabu kuwa ukiukaji wa haki kutengeneza au kuingiza nchini, kwa kuuza au kukodisha, chombo kilichobuniwa mahususi kwa ajili ya kuvunja kinga ya kunakili. Hivyo msomaji hubaki na ruhusa ya kunakili ukurasa, lakini hana mahali halali pa kununua nyenzo ya kuufikia. Ruhusa ya aina hiyo ni nyepesi mno, na ni haki kusema kwamba waliotunga vifungu vya maktaba walikuwa na mashine ya kudurufu akilini, wala si kitabu kinachokaa ndani ya akaunti.

Nchi nyingine zimelikabili jambo hili kwa njia tofauti. Baada ya mkataba wa hakimiliki wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani wa mwaka 1996 kuzitaka nchi wanachama zilinde kinga hizo, Marekani ilipitisha sheria mwaka 1998 inayokataza kuzivunja, ikaweka pia utaratibu wa kupitia misamaha kila baada ya miaka mitatu. Huko Norway, nchi walikotoka wamisionari Walutheri walioanzisha Hospitali ya Haydom katika miaka ya 1950, kijana Jon Johansen alishtakiwa kwa mchango wake katika programu ya mwaka 1999 ya kufungua kufuli la DVD. Mwaka 2003 mahakama mbili, moja baada ya nyingine, zilimwachia huru, zikishikilia kwamba aliyenunua diski kihalali ana haki ya kuitazama.

Wasioona, na kazi ambazo muda wake umekwisha

Mahali ambapo sheria za kimataifa zimesema waziwazi kwamba kufuli lisishinde haki ni katika Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Mkataba huo unaruhusu kazi zilizochapishwa kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona na wenye ugumu wa kusoma maandishi, na ibara yake ya 7 inazitaka nchi zihakikishe kwamba kinga za kiteknolojia haziwanyimi watu hao nafasi hiyo.

Kwa upande wa muda, hakimiliki ya kitabu nchini hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na kwa hesabu hiyo ulinzi wa vitabu vyake ulikoma mwishoni mwa mwaka 2012. Hata hivyo nakala ya kielektroniki iliyofungwa haihesabu miaka, na itaendelea kukataa kunakiliwa hadi aliyeifunga aifungue.

Kabla ya kulipa

Shule au zahanati inayonunua kazi ya kielektroniki mara nyingi hainunui kitabu bali leseni, yaani idhini ya kukitumia kwa masharti. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta nakala za vitabu vya George Orwell katika vifaa vya wasomaji waliokwisha kuvilipia, baada ya kubainika kuwa muuzaji hakuwa na haki ya kuviuza, na ingawa fedha zilirudishwa, vitabu havikubaki rafuni. Kwa sababu hiyo mkutubi anashauriwa kumtaka mchapishaji, kabla ya malipo, aandike katika mkataba idadi ya nakala zinazoruhusiwa, ruhusa ya kuchapisha kurasa za kufundishia, na kitakachotokea simu au kompyuta ikiharibika. Pale mchapishaji anapokataa kutoa nakala isiyo na kufuli, ombi la maandishi linaloeleza ukurasa unaohitajika na sababu yake huweka kumbukumbu, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, inaweza kuombwa mwongozo. Kwa shule ambayo umeme na mtandao wake hukatika, nakala ya karatasi bado ndiyo isiyohitaji nenosiri.