Kununua vyombo vya trakta kwenye munada: bei ya munada haiko bei ya mwisho



Wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa 5 na wa 9, trakta nyingi za hapa Haut-Katanga na Lualaba zinapumuzika. Njo wakati muzuri wa kutafuta vyombo vya kufunga nyuma yake: jembe ya sahani, herse, mashini ya kupanda mbegu, remorke. Vipya viko bei kali. Kwa hiyo koperative nyingi zinageuza macho kwa munada, ile mauzo yenye kuitwa kwa Kifaransa vente aux enchères. Kampani za migodi, kampani za barabara na miradi zenye kumaliza kazi kando ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zinauzisha vifaa vyao vya zamani kwa njia hiyo.

Munada unaweza kusaidia sana. Lakini unaweza pia kumeza feza ya wamemba kwa siku moja na kuwaachia chuma yenye kulala nyuma ya depo mupaka majani inaota juu yake. Tofauti haitoke kwa bahati. Inatoka kwa vipimo na hesabu, na vyote viwili vinafanywa mbele ya siku ya munada. Tuone namna gani, hatua kwa hatua.

1. Mujue kwanza munada wenyewe

Kuko munada wa namna mbili. Ule wa kwanza ni wa sauti: watu wanasimama mbele ya chombo, mumoja anataja bei, mwingine anapandisha, na wa mwisho njo anachukua. Ule wa pili ni wa bahasha: kila mutu anaandika bei yake, anafunga bahasha, na siku yenye kupangwa zote zinafunguliwa. Kwenye bahasha hamuna nafasi ya kuongeza kisha. Munaandika mara moja tu.

Katika zote mbili, vitu vinauzishwa vile viko, pale viko, bila garanti. Kama mukifika nyumbani na kukuta kiko na ufa, hakuna mutu wa kurudishia. Ombeni karatasi ya masharti na muisome yote: feza ya kuweka mbele ni ngapi, muko na siku ngapi za kulipa, siku ngapi za kuondoa chombo, na wanaongeza asilimia ngapi juu ya bei. Mutu mwenye kushinda na kukosa kulipa anaweza kupoteza feza yake ya mbele. Mwenye kuchelewa kuondoa anaweza kulipishwa kila siku sababu ya fasi yenye chombo kinalala.

2. Pimeni trakta yenu mbele ya kupima chombo

Chombo kizuri chenye hakiingie kwa trakta yenu ni chombo kibaya kwenu. Kwa hiyo anzeni nyumbani, na muandike mambo matatu kwenye karatasi.

Kwanza, mikono mitatu ya nyuma: miwili ya chini na mumoja wa juu. Vipimo vyake vinapangwa kwa kategori. Kwa kategori ya 1, pini za chini ziko na unene wa mm 22 na ya juu mm 19. Kwa kategori ya 2, za chini ziko na mm 28 na ya juu karibu mm 25. Upana pia si mumoja: kati ya mabega ya pini za chini, kategori ya 1 iko na mm 683, na ya 2 iko na mm 825. Kama mikono ya trakta yenu ni ya kategori ya 2 na pini za chombo ni za kategori ya 1, mara nyingi pete za chuma zinasaidia kujaza nafasi ya tundu, lakini muangalie kama mikono inaweza kukaribiana vya kutosha. Kinyume chake kiko kigumu zaidi: pini ya mm 28 haiwezi kuingia katika tundu ya mm 22, hata mupige nyundo siku nzima.

Pili, ile chuma yenye kuzunguka nyuma ya trakta, yenye kardani inafungwa juu yake. Hesabuni meno. Meno 6 kwenye chuma ya mm 35 ni ya kuzunguka mara 540 kwa dakika. Meno 21 ni ya kuzunguka mara 1.000. Mashini ya kukata majani yenye kutengenezwa kwa 540 isifungwe kwa 1.000: itavunjika, na vipande vyake vinaweza kuua mutu.

Tatu, nguvu ya trakta. Kwa trakta ya farasi 60 mupaka 75, jembe ya sahani 3 njo ya kawaida. Jembe ya sahani 5 inaweza kuuzishwa bei ya kuchekesha kwa munada, lakini trakta yenu itakula mazutu, itazungusha magurudumu fasi moja, na shamba haitalimwa.

Neno moja juu ya vyombo vya zile mashini ndogo za kubeba udongo, zenye watu wengi wanaita Bobcat. Kwenye minada ya migodi na ya kampani za kujenga vinakuwa vingi: ndoo, meno ya kubeba muzigo, mashini ya kutoboa mashimo. Bei yake inavuta macho. Lakini vinafungwa mbele, juu ya bamba ya chuma ya pekee, havifungwe kwa mikono mitatu ya trakta. Tena vile vyenye kuzunguka vinaomba mafuta yenye kusukumwa na pompi, na kila kimoja kiko na kipimo chake cha litre kwa dakika. Mashini nyingi za kawaida zinatoa karibu litre 60 mupaka 90 kwa dakika. Kuko vyombo vyenye kuomba zaidi ya 100. Kama koperative haina mashini hiyo, muviache. Kama iko nayo, linganisheni kwanza bamba na litre.

3. Siku ya kuangalia njo siku ya kazi

Karibu kila munada unatoa siku ya kuangalia vitu mbele ya mauzo. Musiikose. Muende na mwenye kuendesha trakta na fundi mwenye kujua kusude. Mubebe metre, kamba, burashi ya chuma, taa na kitambaa.

Angalieni chuma kubwa yenye kushika vyote. Nyufa zinapenda kukaa kwenye kona na kando ya fasi zenye zilisudewa. Rangi mupya juu ya chombo cha zamani isiwafurahishe mbio. Inaweza kuwa inafunika kitu. Pitisheni kidole, mupanguze na burashi. Kwa herse na remorke, pimeni na kamba toka kona mupaka kona ya ngambo, kisha zile kona zingine mbili. Kama vipimo viwili haviko sawa, chuma imepinda.

Nyanyueni sahani na muizungushe kwa mukono. Inapaswa kuzunguka bila kelele. Muishike juu na chini, muitikise: kama inacheza, rulema zimeisha. Pimeni pia upana wa sahani. Sahani nyingi za jembe zinatoka kiwandani na cm 66. Ile yenye kulika sana inaingia kidogo tu katika udongo, na bei ya kuibadilisha inapaswa kuingia katika hesabu yenu.

Kama kuko silinda ya mafuta, panguzeni ile chuma yake yenye kungaa. Mistari na matundu ya kutu vitaharibu jointi, na mafuta itavuja. Kunjeni mipira: kama inaonyesha nyufa, ni ya kubadilisha.

Kardani muiangalie sana. Mirija yake miwili inapaswa kuingiliana bila shida, na plastiki yake ya kufunika inapaswa kuwa nzima. Mara 540 kwa dakika ni mara 9 kwa sekunde moja. Kitenge, koti ao kamba ya kiatu ikishikwa, mutu hana wakati hata wa kulalamika. Kardani bila kifuniko isifanye kazi katika shamba ya koperative, hata kama muliipata bure. Bei ya kifuniko muiandike pamoja na zingine.

Mwishoni, hesabuni vyenye kukosa: pini, mukono wa juu, bulo, gurudumu. Andikeni yote. Kisha pitieni kwa wauzishaji wa vyombo vya kubadilisha mujini na muulize bei, na zaidi sana kama vinapatikana. Chombo chenye hakuna mutu anauzisha rulema zake ni muzigo.

4. Hesabu: anzeni mwishoni, murudi nyuma

Watu wengi wanajiuliza: “Tuko na feza ngapi?” Ulizo la kweli ni hili: “Siku chombo hiki kitalima shamba letu mara ya kwanza, kitakuwa kimetuomba feza ngapi yote pamoja?” Tuchukue mufano. Hizi namba ni za kufundishia tu. Mutie za kwenu.

Tuseme jembe mupya ya sahani 3 inauzishwa dolare 2.800 na garanti. Komite inaamua kama ya zamani, ikiwa tayari kulima, isipite 70 kwa 100 ya bei hiyo. Ni dolare 1.960. Sasa toeni yote yenye itafuata:

- kamio ya kuleta: 250
- watu wa kupakia na kushusha: 40
- sahani 3 za kubadilisha: 180
- rulema 4: 100
- kazi ya kusude: 80
- akiba juu ya yale hatukuona: 200

Jumla ni dolare 850. Inabakia 1.110. Lakini wauzishaji wanaongeza 10 kwa 100 juu ya bei ya kushinda. Kwa hiyo bei yetu ya mwisho kwenye munada ni karibu dolare 1.000: 1.000 pamoja na 100 na 850 ni 1.950. Hatupiti hapo.

Kama tukishinda kwa 1.000, tunapunguza dolare 850 juu ya bei ya mupya. Kwa koperative ya wamemba 50, ni dolare 17 za kila mumoja. Lakini tuseme moyo unapata moto, mutu mwingine anapandisha, na tunafika 1.400. Tutalipa 1.400, na 140, na 850: ni 2.390. Tumebakiza dolare 410 tu chini ya jembe mupya yenye garanti. Je, inafaa? Mara nyingi hapana. Haraka haraka haina baraka, na munada umetengenezwa kusudi watu wafanye haraka.

5. Nani anaenda, nani anaamua

Mukutano njo unaamua bei ya mwisho, na inaandikwa katika kitabu cha mukutano mbele ya safari. Tunashauri kutuma watu watatu: mwenye kuendesha trakta, fundi, na mutunza-feza. Mumoja tu anatoa bei. Mwingine anashika karatasi na kumuambia “basta” pale bei inafika mwisho. Mwenye kutumwa asiwe na ruhusa ya kupita ile namba, hata kwa dolare 20, hata kama anaona kama wamemba watamushukuru.

Tena, memba asijinunulie yeye mwenyewe chombo kilekile chenye koperative inatafuta. Kama anakitaka, aseme mbele ya mukutano na atoke katika kikundi cha kununua. Hiyo inalinda feza, na inalinda pia jina lake.

Kurudi mikono mitupu si haya. Watu watatu wenye kurudi na feza yote ya koperative wamefanya kazi yao.

6. Karatasi na njia

Musiondoe chombo bila faktire yenye jina la koperative, aina ya chombo na namba yake ya kiwanda kama iko, pamoja na karatasi ya kutoka. Njiani, kwenye vizuizi, njo vitu vya kwanza vyenye mutaombwa.

Vifaa vya miradi na vya mashirika vinaweza kuwa viliingia inchini bila kulipa ushuru. Pale vinauzishwa kwa mutu mwingine, ushuru huo unaweza kuombwa. Ulizeni kwa maandishi, mbele ya kutoa bei: ushuru umelipwa? Kama haukulipwa, nani atalipa kwa DGDA? Jibu linaweza kubadilisha hesabu yenu yote.

Muweke pia wakati katika hesabu. Katika Haut-Katanga mvua zinaanza kushika karibu na mwezi wa 11. Jembe yenye kununuliwa mwisho wa mwezi wa 10 na kungojea sahani mupaka mwezi wa 12 haikupunguza kitu, hata kama ilikuwa bei ya chini. Mahindi haingojee fundi.

Maulizo ya kuzungumuzia katika mukutano

- Trakta yetu ni ya kategori gani, na iko na meno ngapi nyuma? Nani atapima, na siku gani?
- Ni chombo gani kimoja chenye tukikipata kitaongeza kweli mavuno ya wamemba?
- Kipya kiko bei gani mujini leo, na bei yetu ya mwisho kwa cha zamani ni ngapi?
- Nani atakitunza, nani atatia gresi, na wamemba watalipa ngapi kwa hektare kusudi feza ya kukitengeneza isikosekane?

Kama mukutano unaweza kujibu hayo mane, muende kwenye munada na moyo wa kutulia. Kama bado, fanyeni vipimo kwanza. Munada mwingine utakuja.