Mwanya wa Hojaji: Tatizo la Kupima Ombi la Kiswahili katika Utafiti wa Mawasiliano Baina ya Tamaduni

1.0 Utangulizi

Kama taaluma, mawasiliano baina ya tamaduni yana umri mdogo. Wengi huyaanzia kwenye kitabu cha Edward Hall cha mwaka 1959. Kwa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu katika idara ya Kiswahili, mlango ulio wazi zaidi ni ule wa pragmatiki linganishi: huchukua tendo moja la usemi, tuseme ombi au radhi, akalilinganisha katika lugha mbili. Makala haya yanachunguza zana moja inayotumiwa mara kwa mara katika kazi hiyo, yaani hojaji ya kukamilisha mazungumzo. Yanadai kwamba zana hiyo, ikichukuliwa kama ilivyo, huliondolea ombi la Kiswahili kile hasa kinacholifanya liwe la adabu, kisha humhukumu msemaji kwa kukosa adabu.

2.0 Ngazi tisa na kitenzi 'kuomba'

Hojaji hiyo ilipata umaarufu kutokana na mradi ambao matokeo yake yalitolewa kitabu mwaka 1989 chini ya uhariri wa Blum-Kulka, House na Kasper. Muundo wake ni mwepesi. Mhojiwa husimuliwa tukio kwa ufupi, kwa mfano mwanafunzi anayetaka kuazima madaftari ya mwenzake, kisha huachiwa mwanya ajaze ambacho angesema. Majibu hupangwa katika ngazi tisa, kuanzia ombi la wazi kabisa hadi dokezo la mbali. Ngazi ya kwanza ni ya kauli za kuamuru. Ya pili ni ya kauli zinazolitaja tendo lenyewe kwa kitenzi chake. Ya saba ni ya maswali kuhusu uwezo au utayari wa anayeombwa, na hiyo ndiyo njia iliyozoeleka katika Kiingereza.

Sasa na ichukuliwe kauli ya kila siku, "Naomba maji." Kwa mujibu wa ngazi hizo, kauli hii imo katika ngazi ya pili, hatua moja tu kutoka "Nipe maji." Masikioni mwa Mswahili, hata hivyo, kauli hizi mbili ziko mbalimbali. Anayesema "naomba" hujishusha mbele ya mwenye kitu na kukiri kwamba huyo ana haki ya kukinyima. Kinyume chake, "Unaweza kunipa maji?", ambayo jedwali lingeipandisha hadi ngazi ya saba, ikielekezwa kwa mtu mzima huweza kusikika kama swali la kumpima nguvu, au kama Kiingereza kilichovikwa kanzu. Isitoshe, jedwali halikuandaa mahali pa kutofautisha "nipe" na "unipe", wala halielezi kwa nini "nilikuwa naomba" hutumia wakati uliopita kwa haja ambayo bado ipo.

Si ajabu. Ngazi hizo zilijengwa juu ya data za lugha kama Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa cha Kanada na Kiebrania; lugha ya Kiafrika haikuwamo. Blum-Kulka mwenyewe alikwisha kutahadharisha mwaka 1987 kwamba kusema kwa kuzunguka na kusema kwa adabu si jambo moja. Tahadhari hiyo hunukuliwa katika sura ya pili ya tasnifu na kusahauliwa katika sura ya nne, pale asilimia zinapoanza kuhesabiwa.

3.0 Kinachobaki nje ya mwanya

Ombi lenye uzito halianzii kwenye ombi. Kijana anayekwenda kwa jirani kuazima baiskeli hupiga hodi na kungoja "karibu". Humwamkia mama mwenye nyumba kwa jina la mwanawe wa kwanza, hupokea marahaba, huulizwa habari za nyumbani na za masomo, naye huuliza zake. Pengine hukaribishwa kiti. Ombi lenyewe hufika baadaye, likiwa fupi: "Mama, nilikuwa naomba baiskeli." Ufupi huo si ukavu, kazi ya heshima ilikwisha kufanyika tangu mlangoni. Makala za Saida Yahya-Othman za miaka ya 1990 kuhusu adabu miongoni mwa Waswahili zinatosha kumkumbusha mtafiti kwamba maamkizi yana uzito wake. Mwanya wa hojaji huipokea sentensi ya mwisho peke yake, na hiyo ndiyo inayopelekwa kulinganishwa na sentensi nzima ya Kiingereza.

Upande wa radhi, tatizo hujitokeza mapema zaidi, katika tafsiri. Neno la Kiingereza 'sorry' hubeba kukiri kosa na huruma pamoja. Kiswahili hutenga "samahani" na "pole". Mgeni aliyejikwaa jijini Dar es Salaam, akiambiwa 'sorry' na mpita njia, hujibu kwamba kosa si la huyo mpita njia, ilhali aliyesema alikuwa akimpa pole tu. Hojaji inayotafsiri neno hilo kwa "samahani" pekee huwa imekwisha kuifuta tofauti iliyotakiwa kuchunguzwa.

4.0 Mbinu mbadala

Kwa hiyo kipimo kinachofaa ni tukio zima la usemi, kama Hymes alivyopendekeza tangu mwaka 1962. Gharama yake ni kubwa: kurekodi kunahitaji ridhaa, ridhaa hubadili mazungumzo, na muda wa uzamili ni mfupi. Igizo linaloanzia kwenye hodi, likarekodiwa pamoja na majibu ya mwenyeji, ni maafikiano yanayokubalika, mradi upande wa Kiingereza nao uigizwe vivyo hivyo. Hojaji ikilazimika kutumika, mwanya na uwe ukurasa mzima, na mhojiwa aachwe aanze pale ambapo angeanza.

Umri wa mtafiti nao uandikwe. Kijana anayewarekodi wazee atatoa shikamoo kabla ya kuwasha chombo, na wazee watamjibu kama mwana. Maombi watakayoyatoa mbele yake yatakuwa ya mkubwa kwa mdogo, ambako "nipe" si utovu wa adabu hata kidogo. Data hizo haziwezi kuwekwa katika safu moja na za vijana wa rika moja bila maelezo.