Nokauti Ikikataa Kutoka

Nyumba nyingi za Eastlands, hasa zile za Kaloleni, Jericho na Buruburu, zilijengwa kabla friji, maikrowevu na chaja za simu hazijawa vitu vya kila nyumba. Ndiyo maana mafundi wa stima huitwa kila mara kuongeza soketi, na mara nyingi kazi hiyo huhitaji kupitisha waya mpya kwenye kisanduku cha chuma kilichomo ukutani.

Kisanduku hicho kina vibamba vya duara pembeni na nyuma, ambavyo mafundi huviita nokauti. Kiwandani, mashine hukata mviringo wake karibu wote na kuacha kishikio kimoja au viwili. Wengi hugonga katikati, na kibamba hubonyea tu. Pa kugonga ni ukingoni, upande ulio mbali na kishikio.

Kisanduku kipya hakina taabu. Fundi hupima bomba kwanza, kwa kuwa nokauti za milimita 20 na 25 huweza kuwa kwenye kisanduku kimoja. Hukiegemeza juu ya kipande cha bomba kipana kuliko nokauti, huweka ncha ya bisibisi kuukuu ukingoni, kisha hupiga nyundo mara moja kwa nguvu. Kibamba kikiinama, hukishika kwa playa na kukipinda huku na huku hadi kikatike. Akikivuta kwa nguvu tu, kisanduku hupinda na skrubu za soketi hazikai tena.

Kisanduku kilichokwisha kufukiwa ndicho kigumu. Nyuma ya kibamba kuna simiti au jiwe, hivyo hakina pa kwenda. Nyundo hulegeza kisanduku na kupasua plasta. Hapo fundi huchonga plasta upande wa nje wa nokauti mpaka apate nafasi. Ikishindikana, hutoboa tundu dogo kwenye kibamba kwa drili, akatia skrubu ndefu na kukivuta ndani kwa playa huku akikitikisa.

Kabla ya yote hayo meni swichi huzimwa, na testa huthibitisha. Wako wanaongoja tokeni ziishe ndipo wafungue soketi. Hiyo ni hatari kubwa: mtu aliye sebuleni anaweza kununua tokeni kwa simu, akaziingiza, na volti 240 zikarudi fundi akiwa ameshika waya. Kwenye ploti ambako vyumba kadhaa hutumia mita moja, majirani waambiwe mapema, maana anayekuta giza hukimbilia swichi.

Nokauti ikitoka, tundu hubaki na makali kama wembe. Waya ukivutwa hapo, ganda lake huchubuka. Kama waya wa athi, ule wa kijani na manjano, haukufungwa kwenye kisanduku, chuma chote pamoja na skrubu za soketi hubeba stima bila fyuzi kukatika, na mtoto akigusa skrubu hurushwa. Tupa ya mviringo huondoa makali hayo kwa dakika mbili, kisha ukingo huvishwa raba yake. Raba hiyo ni ya bei ndogo, lakini ndiyo fundi mwenye haraka huiruka.

Tundu lililofunguliwa kimakosa huzibwa kwa kizibo, si kwa gazeti.

Chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, kutandaza nyaya za stima ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwenye nyumba anaweza kumwomba aionyeshe kabla nyundo haijainuliwa.